Faili la Bwana Kesho

Na ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, walio karibu na walio mbali, kwamba siku ya Jumamosi, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, lilifunguliwa rasmi shauri zito kuliko yote yaliyowahi kupelelezwa katika historia ya ukoo huu. Uchunguzi uliongozwa na Mpelelezi Mkuu mwenye uzoefu wa mashauri matano, ofisi yake mwenyewe, na daftari lenye jalada gumu.

Ofisi ilikuwa ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mashauri matano yalikuwa ya sabuni na sukari zilizoibwa bwenini, na katika matano hayo ni mawili tu yaliyopata mwizi, mmoja wao akiwa panya. Mpelelezi mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, yuko nyumbani kwa likizo, na nyumba nzima ilimwita Kiranja, kwa sababu shuleni alikuwa kiranja wa bweni na nyumbani alikataa katakata kuusahau wadhifa huo.

Lakini wizi ulikuwa wa kweli.

"Nani kagusa droo yangu?" Mama aliuliza.

Mama alikuwa mkunga. Alizoea kuuliza swali mara moja na kupata jibu. Safari hii hakupata. Alikuwa amefungua droo ya juu ya kabati kwa ufunguo wake, kama kawaida, na ndani hapakuwa na kitu ila pini mbili na kitufe. Faili la buluu, nene kama mkate, halikuwemo. Kufuli halikuvunjwa wala kukwaruzwa.

Ndani ya faili hilo ulikuwemo mkataba wa mkandarasi. Mjomba, kaka yake Mama, ambaye ni mwanasheria, alikuwa njiani kuja kuusoma ili aone kama mkandarasi huyo anaweza kufukuzwa. Alitarajiwa saa nne kamili.

Hapa ni lazima hali ya nyumba ielezwe. Miezi minne nyuma familia iliamua kuongeza vyumba viwili, kuhamisha jiko na kuinua paa. Mkandarasi akawaomba wahamie wote katika chumba kimoja, "kwa wiki mbili tu." Tangu hapo Baba, Mama, Bibi na sasa Kiranja waliishi katika chumba cha kulala cha wazazi pamoja na jokofu, jiko la gesi, meza ya kulia chakula na viti sita vilivyopandana. Kwenda mlangoni ulitembea ubavuubavu kama kaa. Mlango wenyewe ulikuwa umeng'olewa, na mahali pake pakaning'inizwa karatasi ya nailoni. Mlango wa nyuma wa nyumba ulikuwa umezibwa kwa matofali, mpya haujafunguliwa. Na mbele ya mlango wa mbele, pale palipokuwa na ngazi, ulichimbwa mtaro wa msingi wenye kina cha kumfikia mtu begani. Juu yake ulilazwa ubao mmoja.

Watu wenye magoti walivuka ubao ule. Bibi, mama yake Baba, hakuwa na magoti. Alikuwa na maumivu mawili yaliyokaa mahali pa magoti. Siku ya kwanza aliutazama ubao akasema, "Mimi si mbuzi." Baba akajitolea kumbeba mgongoni. Bibi akamtazama Baba, akautazama mtaro, akasema atasubiri.

Alikuwa amesubiri siku arobaini na moja. Zamani kila asubuhi alitembea hadi kona na kurudi, kwa amri ya daktari na kwa mapenzi ya umbea. Sasa miguu yake ilikuwa imevimba kama mito, na jana yake, Ijumaa, alishindwa kusimama bila kushikwa. Mama alimpima, akanyamaza. Mkunga akinyamaza, mambo yameharibika.

Mkandarasi aliitwa Bwana Kesho. Jina lake halisi lilikuwa kwenye mkataba, na mkataba ndio huo umepotea.

"Mahojiano yaanze," Kiranja alisema, akafungua daftari.

Shahidi wa kwanza, saa tatu na dakika hamsini, alikuwa Mama.

"Faili uliliona lini mara ya mwisho?"

"Jumatano, saa moja jioni. Niliweka barua ya mjomba wako, nikafunga."

"Ufunguo hukaa wapi?"

"Mfukoni mwa sare. Na sare nilikuwa nayo mwilini kazini, Alhamisi na Ijumaa, asubuhi mpaka jioni."

"Kuna mwingine mwenye ufunguo?"

"Baba yako. Sasa ondoka hapo juu, hiyo ndoo naihitaji."

Baba wakati huo alikuwa chini ya kitanda, miguu tu ikionekana. Iandikwe kwamba hakuna aliyetafuta kwa bidii kama Baba. Alipekua godoro mara mbili. Alifungua jokofu. Alitazama hata ndani ya kiatu cha Bibi, huku Bibi amekivaa. Kazi yake ilikuwa ukutubi, na alipotoka uvunguni na vumbi kichwani alisema neno alilozoea kuwaambia wasomaji wake maktabani: "Kitu hakipotei. Huwekwa mahali pasipo pake, basi."

"Ufunguo wako uko wapi, Baba?"

Akautoa mfukoni, uko kwenye pete pamoja na wenzake. "Huu hapa. Labda kufuli lenyewe ni bovu, mwanangu. Kila kitu humu kibovu."

Saa nne kamili Mjomba alivuka ubao. Ulipinda kwa adabu chini ya tumbo lake la kiofisi, na watu wote wakashusha pumzi alipofika. Alipoambiwa habari alikaa juu ya jokofu, mahali pekee palipobaki.

"Dada yangu," alisema, "bila mkataba mimi ni mgeni tu niliyekuja kuwasalimu. Nimfukuze mtu kwa karatasi gani? Atasema tulikubaliana miaka mitatu. Na ukimleta mwingine kabla ya kumalizana na huyu, atakushitaki yeye."

"Yeye hana nakala?"

"Nimempigia jana. Anasema yake iliangukia kwenye zege."

"Mkataba wenyewe ulisemaje?" aliuliza Kiranja.

Mama akamtazama Baba. "Aliusaini huyu. Mimi nilikuwa zamu. Nilimwambia: wakandarasi watatu, watu waje na bei zao tuzilinganishe, nenda ukaone nyumba tatu walizojenga, waulize wenye nyumba watatu. Akaniambia kafanya yote."

"Nimefanya," Baba alisema. "Ni mkataba wa kawaida tu, shemeji."

Mjomba akatazama saa. "Nakaa mpaka saa kumi. Jumatatu nasafiri, nina kesi za miezi miwili. Likipatikana kabla ya saa kumi, leo hii hii naandika barua. Lisipopatikana, tuvumiliane."

Kila mtu akaitazama miguu ya Bibi, kisha kila mtu akajifanya hakuitazama.

Saa nne na nusu alihojiwa Bibi, kitini kwake, mkabala na ile nailoni ya mlangoni. Kutoka hapo aliona ukumbi wote wa katikati ya nyumba, kwani nailoni ilikuwa nyepesi na macho yake, tofauti na magoti, yalikuwa mazima.

"Bibi, wewe hukutaka nyumba ivunjwe. Ulisema jiko lako likiguswa utaona nani atakula."

"Nilisema."

"Basi unashukiwa."

"Andika hivi, mjukuu wangu: Bibi angekuwa mwizi, angeuiba huo mtaro."

Kiranja akaandika. "Alhamisi na Ijumaa nani aliingia humu?"

"Ijumaa ni Fundi Timazi tu. Alhamisi baba yako alibaki nyumbani, tumbo. Fundi naye alikuja, yeye haachi siku. Na huyo mnayemwita Kesho alikuja saa sita, akasimama ng'ambo ya mtaro, akapiga kelele kwamba kesho, akaenda zake."

"Hakuvuka?"

"Avuke na vile viatu? Tangu avinunue hajaukanyaga ubao."

"Wewe ulikuwa macho muda wote?"

"Saa saba mpaka saa tisa nalala. Hilo hata mwizi wa mtaa wa pili analijua."

Kiranja alitoka apite ukumbini, na pale pale akakanyaga dimbwi kwa soksi. Alilia kilio kisicholingana na cheo chake.

"Ni Fundi amemwagilia," Bibi alisema nyuma ya nailoni. "Asubuhi na jioni na kopo lake, kama ana mchicha ukutani. Yule mzee ana adabu. Wengine wote wamekimbia, yeye yupo."

Kiranja alikamua soksi na kuendelea na mambo ya maana. Mambo ya maana yalifika saa tano, yamevaa viatu vinavyong'aa. Bwana Kesho alisimama ng'ambo ya mtaro akikunja mikono kama mwenye msiba.

"Ndugu yangu wa damu!" alimwita Baba. "Nimesikia. Nimeumia. Shemeji, pole sana."

"Vuka uje tuongee," Mama alisema.

"Kesho nikija na viatu vya kazi."

Mahojiano yakafanyika juu ya mtaro, mpelelezi huku, mshukiwa kule, kila mmoja akipaza sauti.

"Kazi imesimama kwa nini?"

"Saruji, binti yangu! Mfuko wa mwisho uliisha wiki mbili zilizopita. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeshika mwiko katika nyumba hii. Ningekuwa nataka kuwaibia, si ningeiba saruji?"

"Faili likipotea anayefaidika ni wewe."

Bwana Kesho alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nifaidike nini? Hata mimi nalitaka. Nina nyumba nne mkononi. Sikumbuki hapa tuliandikiana nini. Wenye nyumba wengine wananifukuza, wananirudisha, wananifukuza tena. Angalau ningejua nyie mnaruhusiwa lipi."

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalisikika ya kweli. Na Bibi alikuwa amekwisha kumtoa: asiyevuka ubao hafungui droo. Kiranja alichora mstari juu ya mshukiwa wake mpendwa, kwa huzuni.

Saa saba mchana alimkuta Fundi Timazi ukumbini. Huyu alikuwa mwashi, mzee mwembamba aliyepewa jina hilo kwa sababu uzi wake wa timazi, wenye risasi nchani, haukumtoka mkononi. Ilisemekana aliwahi kupima unyoofu wa bwana harusi. Alikuwa ameinama na kopo la maji.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mjukuu."

"Plasta inamwagiliwa siku ngapi?" Aliuliza kwa kujaza ukurasa tu, kwa sababu hakuwa na swali jingine.

"Saba. Asubuhi na jioni, na jua likiwa kali na mchana pia. Usipoipa maji inakauka kwa hasira, inapasuka, watu wanasema fundi gani huyu."

"Na baada ya siku saba?"

"Imeshakuwa mtu mzima. Inajitegemea."

Kiranja alishukuru, akaandika, akapiga hatua tatu, akasimama.

Wiki mbili ni siku kumi na nne.

Akageuka taratibu. Fundi alikuwa amekwenda zake na kopo lake. Ukuta ulikuwa pale pale, na kwa mara ya kwanza Kiranja aliutazama badala ya kuupita. Michirizi ya maji haikuanzia juu. Ilianzia usawa wa kifua, ikashuka hadi kwenye dimbwi lililomlowesha soksi. Juu ya usawa huo ukuta ulikuwa mkavu wenye vumbi la miezi. Mahali maji yalipoanzia palikuwa na kiraka cha plasta ya rangi nzito, mraba, ukubwa wa sinia. Kulia kwake yalipangana matundu yaliyoachwa kwa visanduku vikubwa vya swichi, yote wazi, yakitoa nyaya kama ndimi. Hapo kwenye kiraka hapakuwa na tundu. Palizibwa.

Aligusa. Baridi.

Hapa mpelelezi mwingine angeruka kwa furaha. Kiranja aliketi sakafuni, kwenye maji, asijali. Alhamisi mtu alikuwa na ufunguo. Alhamisi mtu alikuwa nyumbani na tumbo. Kati ya saa saba na saa tisa macho pekee ya nyumba hii yalikuwa yamelala. Sabuni ya bwenini ilikuwa rahisi. Ukimshika mwizi wa sabuni huendi kula naye chakula cha jioni, tena katika chumba kimoja, viti vikiwa vimepandana. Akisema, atamvua Baba nguo mbele ya shemeji yake. Akinyamaza, Mjomba atavuka ubao saa kumi aende zake, na Bibi atabaki kitini mpaka miguu ife.

Alitazama pande zote za ukumbi. Nyuma matofali, mbele mtaro. Hapakuwa na pa kwenda hata kwa fikra.

Saa tisa alimhoji Baba, peke yao, Baba akiwa bado anatafuta, safari hii ndani ya birika.

"Baba, zile nyumba tatu ulizokwenda kuziangalia. Ya kwanza ilikuwa na paa la rangi gani?"

"Paa?" Baba alisema. "Rangi ya... ya paa."

"Ya pili?"

"Kiranja, mwanangu. Mtu anakumbuka rangi za mapaa?"

"Wewe unakumbuka kila kitabu kiko rafu gani."

Baba akafunika birika. Hakumtazama. Kiranja alitamani sana shauri hili lingekuwa la panya.

"Saa kumi kasorobo," alisema, "naomba watu wote wawe ukumbini, Baba. Na wewe."

Wakakusanyika. Bibi aliletwa na kiti chake, Mama upande huu na Mjomba upande ule. Fundi Timazi alivua kofia. Bwana Kesho aliitwa, na kwa kuwa Mama alimwambia asipovuka atarushiwa viatu vyake mtaroni mguu mmoja mmoja, alivuka kwa ncha za vidole.

"Mabibi na mabwana," Kiranja alianza.

"Fupisha," Mama alisema.

"Mwizi hakuvunja kufuli, kwa hiyo alikuwa na ufunguo. Ufunguo wa Mama ulikuwa kazini. Bwana Kesho hakuingia. Bibi hawezi kufika hata kwenye kabati. Sasa, Bwana Kesho, rudia: saruji iliisha lini?"

"Wiki mbili. Naapa."

"Fundi, ukuta huu unaumwagilia kwa nini, kama plasta ya mwisho ina siku kumi na nne?"

Fundi Timazi alishangaa kuulizwa. "Si kwa ajili ya kiraka? Hicho kina siku mbili tu. Nilikuwa na nusu mfuko nimeuweka chini ya turubai, wa kuzibia nyufa. Alhamisi mchana nikaambiwa swichi ya hapa imehamishwa, tundu lake nilizibe. Nikakuta tundu limekwisha kuwekewa karatasi ya nailoni ndani. Nikaziba. Nikiacha kumwagilia nitapasukiwa, nipate aibu."

"Nani alikuambia?"

"Mwenye nyumba," Fundi alisema, na kofia ikamwanguka mkononi.

Kiranja aliinua nyundo kutoka sakafuni, akaielekeza kwenye kiraka.

"Usivunje," Baba alisema. "Nipe. Nitafungua mwenyewe."

Alipiga mara nne. Plasta ilikuwa changa, ikaachia. Akaingiza mkono, akatoa faili la buluu, limefungwa katika nailoni mara tatu, kwa mafundo ya mtu anayependa karatasi.

"Wewe?" Mama alisema. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Mama yako anavimba miguu mbele yako. Wewe?"

"Sikwenda kuona nyumba yoyote," Baba alisema. "Hakukuwa na wakandarasi watatu. Alikuwa yeye tu. Zile bei tatu aliziandika yeye, akaniletea, nikaziweka. Wewe hukuzisoma, uliniamini. Lakini shemeji angezisoma."

Mjomba alikwisha fungua faili. "Wino wa kijani zote tatu," alisema. "Na makampuni yote matatu yana namba moja ya simu."

"Nilikuwa na haraka," Bwana Kesho alisema.

"Lakini kwa nini yeye?" Mama aliuliza.

Baba alitazama chini. "Kidato cha pili nilimwingiza mbuzi ofisini kwa mwalimu mkuu. Mbuzi akala mitihani. Huyu akasema ni yeye. Alichapwa yeye, akasafisha vyoo muhula mzima, hakunitaja. Miaka thelathini hakuniomba kitu. Siku aliposikia tunakarabati akaniambia, 'Ndugu yangu, nipe hii.' Ningesema nini? Kisha kila siku nikawa naona kosa langu ukutani, na kila siku likawa gumu zaidi kulisema. Barua ya shemeji ilipokuja nikaona nimebanwa pande zote. Alhamisi nikasingizia tumbo."

"Si ungelichoma," Bwana Kesho alinong'ona, kwa nia njema kabisa.

"Mimi ni mkutubi!" Baba alisema, ameudhika kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Siwezi kuchoma karatasi. Nilijua ukutani litakaa salama, kama stoo ya vitabu. Ukuta ni ukuta. Nitajuaje kwamba unanyweshwa maji?"

Mjomba aliinua kidole. Alikuwa amefika ukurasa wa pili.

"Huu mkataba uliuandika wewe?" alimuuliza Bwana Kesho.

"Niliunakili. Wa kampuni moja kubwa. Ulikuwa na maneno mazuri."

"Umeusoma?"

"Nilipanga kuusoma k..." Akajizuia.

"Shemeji, wewe?"

"Nilisaini ukurasa wa mwisho," Baba alisema.

"Kipengele cha tisa," Mjomba alisoma, akisimama kama yuko mahakamani. "'Wakati wote wa kazi mkandarasi atahakikisha kwamba kila mkazi wa nyumba anaweza kuingia na kutoka bila kizuizi. Akishindwa kwa siku saba mfululizo, mwenye nyumba anaweza kuuvunja mkataba huu papo hapo.'" Akashusha karatasi. "Siku saba. Mama, wewe una ngapi?"

"Arobaini na moja," Bibi alisema. "Nimezihesabu, sikuwa na kazi nyingine."

Baba aliketi kwenye kifusi kama aliyekatwa miguu. Mlango wa kuwatoa wote ulikuwa ndani ya faili, na yeye ndiye aliyeuzika.

Barua iliandikwa saa kumi na dakika kumi, juu ya mgongo wa kiti cha Bibi. Bwana Kesho aliipokea kwa mikono miwili, akamtazama Baba.

"Basi tumemalizana?"

"Tumemalizana," Baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshushwa mzigo wa mbuzi. "Na ahsante. Kwa vile vyoo."

Jumapili asubuhi Fundi Timazi na Baba walijaza mtaro upana wa mlango, wakashindilia, wakaweka mkono wa kushikia. Bibi alipita hapo saa tano, ameshikwa na Mama kwa sababu za kitabibu na amemshika Baba sikio kwa sababu nyingine. Akafika kona. Akakaa huko mpaka mchana, kwani alikuwa na umbea wa siku arobaini na moja wa kuupokea.

Safari hii mkandarasi alitafutwa kama anavyotafutwa mchumba. Baba na Mama walikwenda pamoja kwenye nyumba tatu. Waligonga milango, wakafungua mabomba ya watu, wakauliza wenye nyumba mambo ya aibu. Baba alirudi na rangi za mapaa yote ameziandika. Walimchagua mwanamke mfupi mwenye kofia ngumu, ambaye mafundi wake walimwita Mama Futi, kwa jinsi alivyompima kila mtu kwa macho kabla ya kumsalimu. Na Mama Futi, kabla ya kupiga hata msumari, alisema lazima apite nyumba nzima aandike kila uharibifu aliouacha aliyemtangulia, ili Mjomba amwandikie mhusika alipie.

Alipita chumba baada ya chumba, familia nyuma yake. Aliandika ngazi. Aliandika milango. Alifika stoo, ambako milango iliyong'olewa ilikuwa imeegemezwa ukutani, akaisogeza mmoja mmoja. Nyuma ya wa mwisho palikuwa na tundu ukubwa wa beseni, matofali matatu yamepasuliwa, na bomba limepinda linatoa jasho.

"Na huu?" aliuliza. "Nao ni wa Kesho?"

"Andika tu," Mama alisema. "Yule hakosi."

Kalamu ikashuka. Fundi Timazi, ambaye Mama Futi alikuwa amemwajiri siku ile ile, alichungulia, akatikisa kichwa. "Hapana. Hata fundi wa Kesho hupiga kwa mstari. Huyu alikuwa anaua nyoka."

Kalamu ikasimama. Kichwa cha Baba kiligeuka kwanza, kwa sababu mwenye dhambi humjua mwenzake, kisha cha Mama, kisha cha Bibi.

Yapo mambo ambayo simulizi hili, kwa kubanwa na nafasi, liliyaruka. Mojawapo ni saa nzima ya ile Jumamosi, kuanzia saa sita mpaka saa saba, baada ya Bwana Kesho kuondolewa katika orodha na kabla ya Fundi kuulizwa habari za plasta. Katika nyumba inayokarabatiwa hakuna anayeshtuka akisikia nyundo. Na ukuta wa stoo ulikuwa na unyevu wa kushukiwa sana.

"Bwana Kesho atalipishwa tundu hili," Mama alisema polepole, akitazama upande mmoja tu. "Kama ni lake."

Mpelelezi Mkuu akameza mate.

Haya, basi. Nikameza mate.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Nilidhani faili liko humo."

Mama Futi alifuta mstari mmoja, akaandika mwingine, akafunga daftari, akageuka kwenda chumba kilichobaki.

"Na la bafuni," nikasema, "pia ni langu."